Laini mpya, zawadi mpya: nani anayelipa?

Na Mwandishi Wetu, Mbale na Jinja

Ukishuka teksi mjini Mbale asubuhi, kabla hujafika mnara wa saa umeshaitwa mara mbili au tatu. Chini ya mwavuli wa njano kijana anakupa laini mpya na bando la kuanzia. Chini ya mwavuli mwekundu mwenzake anakuongezea dakika za kupiga. Mbele kidogo bango linatangaza mkopo wa simu, na masharti ya mkopo wa kwanza yameandikwa kwa herufi kubwa kuliko ya mikopo itakayofuata. Wote watatu wanataka jambo moja kwako: uanze upya, na uanzie kwao.

Wafanyabiashara wa mpakani wameuzoea mchezo huu. Wapo wenye laini nne au tano mkobani. Wanachukua zawadi ya mwanzo, ikiisha wanaiacha laini, wanafungua nyingine. Wengine hufanya hivyo hivyo kwa programu za mikopo: mkopo wa kwanza huku, wa kwanza kule, wa kwanza pale. Mtu akiwauliza, hujibu kwamba kampuni ni tajiri, na cha bure hakiachwi.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini kila zawadi ina mlipaji. Mfanyabiashara anayejua kuuliza bei ya gunia na auliza pia: hii ananilipia nani? Kwa zawadi nyingi za kuanza upya huku kwetu, ukifuatilia vizuri, mlipaji utakayemkuta ni wewe mwenyewe.

Mchezo wa kadi Marekani

Mjini Jinja, mwenye ndugu Marekani huenda ameshasikia habari za binamu aliyekuja nyumbani Krismasi bila kulipia tiketi ya ndege. Habari kama hizo zinaweza kuwa kweli, na njia yake inaeleweka.

Benki za Marekani hushindana kupata wateja wa kadi za mkopo. Mteja mpya anaweza kuahidiwa, kwa mfano, pointi 60,000 akitumia dola 4,000 katika miezi mitatu ya kwanza. Pointi hizo hugeuzwa tiketi za ndege au vyumba vya hoteli. Mjanja hununua kwa kadi vile ambavyo angenunua hata hivyo, yaani chakula, mafuta na bima, kisha hulipa deni lote mwisho wa mwezi ili asitozwe riba. Akishapata zawadi huiacha kadi, hufungua ya benki nyingine, na baada ya muda hurudi tena. Wapo waliozunguka dunia kwa njia hiyo.

Wapo pia waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1999 mhandisi wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni moja ya vyakula ilikuwa ikitoa maili za ndege kwa lebo za bidhaa zake. Akanunua vikombe 12,150 vya pudingi kwa dola 3,140 hivi, akavitoa kwa Jeshi la Wokovu, na watu wa huko wakamsaidia kubandua lebo. Alipata zaidi ya maili milioni 1.2. Miaka kadhaa baadaye wengine walinunua sarafu za dola moja kwa kadi kutoka kiwanda cha sarafu cha serikali, wakaletewa mlangoni bila nauli, wakazipeleka benki kulipia deni la kadi ile ile. Faida yao ilikuwa pointi. Mwaka 2011 kiwanda kikaacha kupokea kadi kwa sarafu hizo.

Benki nazo hazikulala. Chase ilijulikana kwa kumkatalia mtu aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24. American Express iliweka sharti kwamba zawadi ya kadi fulani hupewa mtu mara moja tu.

Nani analipia safari hizo? Kwanza ni mwenye duka. Kila mteja anapolipa kwa kadi ya mkopo Marekani, duka hukatwa karibu dola mbili katika kila dola mia, na sehemu kubwa ya makato hayo hurudi benki iliyotoa kadi. Mwenye duka huyaingiza katika bei, kwa hiyo hata anayelipa kwa noti anachangia. Mlipaji wa pili ni mwenye kadi asiyemaliza deni lake, ambaye riba yake inaweza kupita asilimia 20 kwa mwaka. Mjanja hupanda ndege kwa fedha za hao wawili.

Ulaya inatuonyesha jinsi mambo hayo yanavyoshikana. Tangu Desemba 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha makato hayo: asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za kawaida. Benki za huko zikabaki na kidogo cha kugawa, na zawadi zao haziwezi kulingana na za Marekani. Watu wa Jinja, wanaoishi kwenye chanzo cha Nile, hawahitaji kuelezwa sana: ukibana maji juu, mfereji wa chini hukauka.

Sasa rudi Mbale. Muuza maharagwe hapokei kadi. Anapokea noti au pesa za simu, na hakuna dola mbili katika mia zinazokwenda benki kugharamia safari ya mtu. Basi bando lako la bure linatoka wapi?

Kwetu mchezo ulianza na laini

Tuanze na historia kidogo. Celtel ilianzisha simu za mkononi Uganda mwaka 1995, MTN ikaingia 1998, kisha wakaja Warid na Orange. Ushindani ukawa mkali, hata ikafika vita ya bei ya mwaka 2010. Warid ilipendwa kwa Pakalast yake, ambapo mtu alilipa shilingi 1,000 akapiga ndani ya mtandao huo siku nzima. Mwaka 2013 Warid ikamezwa na Airtel. Katika miaka hiyo laini mpya ilikuwa rahisi kuliko kuongeza salio kwenye ya zamani, na watu walinunua, wakatumia salio la kuanzia, wakatupa.

Mambo yalibadilika mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipoanza usajili wa laini. Mwaka 2017 ikaamuru kila laini ihakikiwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Tangu hapo kila laini unayofungua ina jina lako, na ukiitupa, jina lako linabaki nayo hadi ifungwe rasmi.

Hatusemi kwamba kuwa na laini mbili ni kosa. Ukivuka Malaba, Busia au Lwakhakha, unahitaji namba ya kila upande. Ni kweli kwamba Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa mpango wa One Network mwaka 2006, na baadaye serikali za ukanda wetu zikapunguza gharama za kupiga simu kuvuka mpaka. Lakini mteja wa Bungoma anataka kulipa kwa M-Pesa, na wa Mbale kwa MTN au Airtel. Laini moja kila upande ni chombo cha kazi kama mizani. Swali ni hiyo ya tatu, ya nne na ya tano.

Mama wa maharagwe

Tuchukue mama mmoja wa mfano, ingawa kila soko lina mtu kama yeye. Ananunua maharagwe Mbale, anapita Bumbobi na Bubulo hadi Lwakhakha, anavuka na kuuza soko la Chwele, kaunti ya Bungoma. Akirudi anabeba mabeseni ya plastiki. Kila baada ya miezi michache anafungua laini mpya Mbale kwa ajili ya bando la kuanzia. Tuseme kila zawadi ina thamani ya shilingi 5,000. Kwa mwaka, laini nne, amepata 20,000. Si haba.

Sasa tuandike upande wa pili wa daftari.

Kwanza, namba. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba hiyo huweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Mteja wake wa Mbale anayo namba ya mwaka jana. Anatuma shilingi 180,000 za mabeseni, zinaingia kwa mtu asiyemjua. Kurudisha fedha hizo ni safari, barua na maombi, na pengine hazirudi. Kosa moja la namna hiyo linakula zawadi za miaka tisa.

Pili, jina. Laini alizoziacha bado zina kitambulisho chake. Nyingine alimpa kijana wa boda, nyingine ilibaki kwa wakala. Oktoba 2020 wezi walipenya mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha miamala ya pesa za simu Uganda, na taarifa za wakati ule zilisema walitumia laini zipatazo 2,000 kutolea fedha. Katika kesi kama hiyo wapelelezi huanza na jina lililosajiliwa. Mwenye jina ndiye anayeitwa kituoni kueleza, hata kama siku hiyo alikuwa Chwele akipima maharagwe.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, ni umri. Mkopeshaji wa simu haji kuona kibanda chako wala shamba lako. Anatazama laini imeishi muda gani, fedha kiasi gani zinapita humo, na ulilipaje mkopo uliotangulia. Ndiyo sababu mkopo wa kwanza huwa mdogo, kisha kiwango hupanda kadiri unavyolipa. Mama wetu anapobadilisha laini, anarudi mwanzo wa ngazi. Msimu wa mavuno unapofika na bei ni nzuri, jirani yake mwenye laini ya miaka sita anaruhusiwa kukopa fedha za kununulia magunia. Yeye anaruhusiwa fedha za nauli.

Na yule kijana wa mwavuli? Kwa kawaida wakala hulipwa kamisheni kwa kila mteja mpya anayemsajili. Kampuni nayo inatarajia kurudishiwa gharama yake kwa ada za kutuma na kutoa fedha. Bando la bure ni mbegu, na mavuno yake yanatoka katika mauzo yako.

Mkopo wa kwanza ni mtamu

Mchezo unakuwa wa hatari zaidi mikopo inapoingia. Kenya ilitangulia: M-Shwari ya Safaricom na benki ya CBA ilianza Novemba 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Uganda ilipata MoKash ya MTN na CBA mwaka 2016. Kisha zikaja programu nyingi za simu, na Januari 2019 Kenya ikaanza Fuliza. Mikopo hii imeokoa watu wengi. Gari likikwama na mzigo unaoza, ada ya siku 30 ni nafuu kuliko hasara ya nyanya zote.

Tatizo ni kuzunguka. Mtu anakopa programu ya kwanza, siku ya kulipa inafika, anakopa ya pili kulipa ya kwanza, kisha ya tatu kulipa ya pili. Kila mara anafurahi kwamba mkopo wa kwanza una punguzo. Tupige hesabu. Tuseme ni shilingi 300,000, na ada ni shilingi 9 katika kila 100 kwa siku 30. Mwezi mmoja ni 27,000, na akizungusha deni hilo miezi 12 atakuwa amelipa ada ya 324,000. Amelipa zaidi ya alichokopa, na zile 300,000 bado anadaiwa. Hata mmoja wa wakopeshaji akimsamehe ada ya mwezi mzima, amepunguziwa 27,000 tu katika 324,000.

Hapa ndipo tofauti na yule binamu wa Marekani inapoonekana. Yeye hushinda kwa sababu habebi deni hata siku moja. Siku atakapoacha kulipa lote, anahama kutoka kundi la wanaolipiwa na kuingia kundi la wanaolipa. Mfanyabiashara anayezungusha mikopo ya simu ameanzia katika kundi hilo la pili.

Wala hakuna maficho ya kudumu. Hapo zamani mtu Uganda aliweza kukopa benki moja kwa jina hili na nyingine kwa jina lile. Desemba 2008 ofisi ya kwanza ya kumbukumbu za mikopo, Compuscan, ilianza kazi pamoja na kadi ya fedha yenye alama za vidole, na mlango huo ukaanza kufungwa. Nchini Kenya watu wengi waliorodheshwa kama wadaiwa sugu kwa mikopo midogo sana ya simu, hadi mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ikawazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina, na ikataka madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 yasiorodheshwe. Machi 2022 zikaja kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji hao. Uganda inayo sheria ya mwaka 2016 inayowasimamia wakopeshaji wadogo na watoa mikopo binafsi. Basi kabla ya kukopa, uliza: huyu ana leseni ya nani?

Zawadi ambayo watu wanaiacha

Ipo zawadi moja ya safari ambayo wafanyabiashara wetu wanaiacha mezani. Wapo wa Jinja na Mbale wanaopanda ndege Entebbe au Nairobi kwenda Dubai na Guangzhou kuchukua bidhaa. Mashirika ya ndege yana mipango ya maili: Ethiopian ina ShebaMiles, Emirates ina Skywards. Kujiunga ni bure, hakuhitaji kadi ya benki wala mkopo.

Hapa pia anayeruka kutoka mpango hadi mpango hupata makombo. Aliyechagua mmoja hupanda daraja. Ethiopian iko katika Star Alliance tangu 2011, na Kenya Airways katika SkyTeam tangu 2010, kwa hiyo safari ya shirika moja inaweza kuhesabiwa katika mpango wa mwenzake wa umoja huo huo. Aliyefika daraja la dhahabu la Star Alliance huruhusiwa mzigo wa ziada: kilo 20 pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale inapohesabiwa kwa idadi. Kwa mtu anayerudi na viatu na vipuri, kilo 20 kila safari zinaweza kuwa na faida kuliko kiti kimoja cha bure. Lakini usinunue tiketi ya bei kubwa kwa ajili ya maili. Bei zikilingana, ndipo uchague shirika lako.

Kabla ya kukubali zawadi

Msomaji anayetaka kuanza kesho anaweza kufanya haya.

Hesabu laini zako. Nchini Kenya mteja wa Safaricom anapiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Uganda, nenda kituo cha huduma cha mtandao wako na kitambulisho cha taifa. Usizozitumia, ziombe zifungwe rasmi, na utoe fedha zilizobaki kwanza.

Bakisha laini moja ya biashara kila upande wa mpaka, na mauzo yote yapite humo. Hiyo ndiyo historia yako. Namba ikibadilika kwa lazima, wajulishe wateja kabla hujaiacha ya zamani.

Ukitaka mkopo, andika gharama yake kwa shilingi, usiishie kwenye asilimia. Andika pia siku ya kulipa na mzigo utakaouza kulipia. Kama jibu la swali la mwisho ni mkopo mwingine, usikope.

Tunza karatasi. Ukivuka na bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Wengi hukitupa baada ya lango. Vyeti vya mwaka mzima, pamoja na taarifa ya miamala ya simu, vinaweza kumwonyesha afisa mikopo wa SACCO au benki kwamba biashara yako ipo na inatembea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na mfanyabiashara bila daftari hukopeshwa kama mgeni.

Jioni, miavuli ya Mbale inafungwa na vijana wanahesabu walioandikishwa. Kesho wataita tena, na hawana kosa, ndiyo kazi yao. Mama wa maharagwe akipita hapo na laini yake ya miaka sita, anaweza kuwasalimia na kuendelea na safari ya Lwakhakha. Magunia aliyopakia msimu huu yamenunuliwa kwa mkopo ambao laini mpya isingempatia.